Pale Chuma Kilipoishia

Mwaka ule wa mvua kubwa, mvua iliyokata barabara ya Namanga na kutuacha walimu wa Kajiado tukifundisha madarasa nusu matupu, mama yangu aliteleza mlangoni mwa zizi lake kule Kitengela akavunjika nyonga. Udongo mweusi wa kule ukilowa unashika kiatu na kukataa kukiachilia. Siku hiyo ulishika buti la mguu wa kushoto. Mwili ukaenda mbele, mguu ukabaki. Jirani aliyemkuta amelala kwenye tope anasema jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba maziwa hayakumwagika yote.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kimaasai ambaye boma lake lilipakana na ploti yetu. Wazazi wangu walinunua ploti hiyo walipotoka Mkoa wa Kati, wakati ambapo Kitengela ilikuwa nyasi na upepo, na watu wa kwetu walidhani wazazi wangu wamerukwa na akili. Baba alifariki kabla nyumba haijaezekwa, mama akaiezeka. Kaka yangu mkubwa alikuwa Nairobi, akiishi kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Mimi nilikuwa Kajiado nikifundisha shule ya msingi. Mama alikuwa katikati yetu, na ng'ombe wake wachache wa maziwa, na wenye hoteli waliokuja asubuhi na mitungi yao. Hakuwa na haja na sisi, na alituambia hivyo mara nyingi, kwa upole.

Hospitalini walimpasua paja. Skrubu nene iliingizwa hadi ndani ya kichwa cha mfupa, kisha ikashikizwa kwenye bamba la chuma lililoteremka ubavuni mwa mfupa, nalo likakazwa kwa skrubu ndogo. Tulionyeshwa picha ya eksrei. Chuma kilikuwa cheupe kabisa, kimenyooka, kila skrubu ikionekana hadi ncha. Mfupa wenyewe ulikuwa wa kijivu, hafifu, wa kuchunguliwa. Kaka alisema, "Hiyo sasa imeshikwa," na sote tukakubali kwamba imeshikwa.

Aliporudi nyumbani na magongo, watu walikuja kumwona, na kila mtu alikuja na hatari yake. Mmoja alisema chuma kinavuta radi, kwa hiyo mvua ikinyesha asikae karibu na dirisha. Mwingine alisema baridi ya Julai huingia kwenye chuma na kukaa humo mpaka Septemba, kwa hiyo paja lifungwe shali. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama kitashika kutu akioga sana. Nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la saba, na nilimweleza mama kwa utaratibu kwamba radi haina habari na paja lake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe radi itakupiga ukiwa bado unaeleza," alisema.

Alifunga shali, na mvua ilipoanza alihamisha kiti chake hadi kona ya mbali. Nilimwacha. Kubishana na mama yangu kulikuwa kazi ya mtu mwenye wakati mwingi.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja ni kwamba mguu ule ungeweza kuvunjika tena. Ungevunjika vipi, na una chuma? Kwa watu wa Kitengela, na kwa mama kuliko wote, mguu wa kushoto sasa ulikuwa umepandishwa cheo. Wa kulia ndio ulioonewa huruma, kwa kuwa ulikuwa nyama na mfupa tu. Mama alipokuwa akipanda ngazi ya jikoni alitanguliza wa kushoto. Pipa la chakula cha ng'ombe alilisukuma kwa goti la kushoto. Wageni walimwomba ruhusa wakagonga paja lake kwa kidole wasikie, na yeye aliwaacha wagonge, akiwa na uso wa mtu mwenye redio mpya.

"Hii ingine ndio itanisumbua," alikuwa akisema, akipapasa goti la kulia. "Hii ya chuma tulimaliza na yeye."

Hata kukamua kulibadilika. Zamani alikuwa akimfunga ng'ombe mgumu miguu ya nyuma kwa kamba kabla hajakaa kwenye kigoda. Sasa aliona kamba ni kupoteza wakati. Alikaa upande ule ule wa siku zote, mguu wa kushoto ukiwa jirani na miguu ya nyuma ya ng'ombe, na akasema ng'ombe akipiga teke atajiumiza mwenyewe. Jirani yetu alicheka sana aliposikia hilo. Aliondoka akawasimulia watu wa bomani kwake, na kwa muda mrefu watoto wa kule walimsalimia mama "Takwenya", salamu yao kwa wanawake, kwa heshima kubwa kuliko ile waliyompa mhubiri.

Kisha kulikuwa na vidonge. Mama alipata pumu baada ya kuhamia Kitengela. Malori ya mawe na ya mchanga yalipita karibu na ua wetu, na kila mwaka yaliongezeka, kwa sababu kila mtu alikuwa anajenga. Siku za kiangazi vumbi lilikaa hewani kutoka asubuhi mpaka jua linapotua. Kliniki walimpa pampu ya kuvuta mdomoni, akaitia kwenye kabati na kufunga. Kwetu pampu ilikuwa na jina baya. Kulikuwa na muumini mwenzetu aliyeitumia na akafa, na watu hawakusema alikufa kwa pumu, walisema alikufa baada ya kuanza pampu. Ukionekana na pampu, wanawake wa kanisa walianza kuuliza watoto wako wako wapi.

Kwa hiyo alikula vidonge vidogo vyeupe kutoka kwa kemisti wa hapo stejini, kwenye kituo cha matatu. Kemisti alimuuzia bila maswali na mama hakuwa na maswali. Vilifanya kazi. Kifua kilifunguka, akalala, akala vizuri. Mashavu yakajaa yakawa ya duara, shingo ikanenepa, na kila aliyemwona alimpongeza. "Kitengela imekukubali," walimwambia. Walitwambia hata sisi, kana kwamba tulikuwa tunamlisha. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imeanza kuwa nyembamba na kuvilia damu akigongwa kidogo, lakini mikono ilikuwa ndani ya sweta, na mashavu ndiyo yaliyokaa mbele ya watu.

Macho nayo yalikuwa yakipungua. Alikuwa na mtoto wa jicho upande mmoja na mwingine alikuwa njiani. Hakulalamika, kwa sababu uwanja wake aliujua kwa miguu. Alijua jiwe la mlangoni, shimo la karibu na tangi, kamba ya nguo. Alitembea akichechemea, mguu wa kushoto ukiwa mfupi kidogo baada ya upasuaji, na tulizoea kuchechemea kwake mpaka tukaacha kukuona. Hivyo ndivyo miaka ilivyopita.

Siku alipovunjika mara ya pili nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, shule zimefungwa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na kikombe cha chai. Mama alikuwa akimkamua mtamba aliyezaa mara ya kwanza, ng'ombe mwenye wasiwasi, asiye na kamba. Mtamba alirusha mguu. Halikuwa teke la maana, lilikuwa kama la kufukuza inzi. Lilimgusa mama gotini, kigoda kikainama, mama akaenda chini pamoja nacho, polepole, kama mtu anayeketi. Nilicheka. Yeye mwenyewe alicheka, akamtukana mtamba kwa Kikuyu. Kisha akajaribu kuinuka, na paja likapinda mahali pasipo na kiungo.

Aliliangalia muda mrefu kuliko mimi.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni ile ya chuma. Haiwezi."

Safari hii daktari wa mifupa alikuwa kijana, mtulivu, mwenye tabia ya kukaa chini anapozungumza na mgonjwa. Kaka alikuwa amefika kutoka kazini na tai yake, na alikuwa na hasira ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Hiyo chuma mliweka imevunjika aje? Si mlisema ni ya maisha?"

Daktari alishika picha kwenye mwanga. "Chuma kiko sawa kabisa," alisema, akimgeukia mama kama bibi yake mwenyewe. "Shosho ndiye amevunjika."

Akatuonyesha. Bamba lilikuwa mahali pake, limenyooka kama siku ya kwanza. Mfupa ulikuwa umekatika chini yake, kwenye skrubu ya mwisho kabisa. Alieleza kwamba chuma ni kigumu na mfupa wa mama ni laini, na vitu hivyo viwili vikifungwa pamoja, uzito wote wa mwili unashuka na chuma mpaka kinapoishia, halafu unaangukia mahali pamoja. Na mahali penyewe pametobolewa tundu la skrubu. Mguu wenye chuma haukuwa na nguvu zaidi. Ulikuwa na mahali pa kuvunjikia ambapo mwenzake hakuwa napo.

Mama alikuwa amelala na macho yamefungwa. Nilidhani dawa imemchukua. "Ni kama mpini wa jembe," alisema. "Hauvunjiki katikati. Unavunjika pale unatokea kwa jembe."

"Ndio hivyo, shosho."

"Sasa mbona hamkuniambia mimi ni mpini?"

Daktari alicheka kidogo, akavuta kiti karibu. Alitaka kujua alianguka kutoka wapi, na alipoambiwa ni kwenye kigoda, hakushangaa. Niliona hilo na halikunifurahisha. Alisema mama wa umri wake ambaye amewahi kuvunjika nyonga hahitaji kuanguka kutoka juu, kule kuvunjika kwa kwanza kulikuwa kumeshasema hali ya mifupa yote. Aliinua kope za mama kwa kidole akayatazama macho. Aliuliza kama anachechemea, na tulitazamana na kaka kabla ya kujibu. Kisha akauliza dawa anazotumia.

Mama alitoa leso kutoka kifuani, akaifungua. Ndani kulikuwa na vidonge vyeupe.

"Hizi unakula tangu lini?"

"Tangu kifua ianze. Hizi ni nzuri, daktari. Hata mwili imerudi."

Daktari alimtazama mashavu kwa mara ya kwanza kama daktari. Alivirudisha vidonge kwenye leso akaikunja vizuri. Alituambia kwamba dawa ile ikiliwa miaka mingi inanyonya mifupa, inaiacha na matundu ndani kama mkate, na kwamba hata uso ule wa duara si unono, ni dawa yenyewe inaonekana. Alisema bila kulaumu mtu. Mimi ndiye niliyelaumu. Nilisimama pale nikawachukia watu wote waliowahi kumwambia mama kwamba amenawiri, na walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wameniletea ndizi hospitalini asubuhi ile ile.

Upasuaji wa pili ulikuwa mrefu. Waliweka bamba refu zaidi, lililofika karibu na goti, na nyaya zilizozungushwa mfupa kwa sababu skrubu peke yake hazikupata mahali pa kuuma. Baadaye daktari alituita kando, kaka na mimi, kisha akabadili nia akaturudisha kitandani kwa mama, akasema maneno yale yale mbele yake. Mguu wa kushoto usiguse sakafu kwa uzito mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga. Ataketi, ataegemezwa, atasaidiwa, lakini asiukanyagie. Skrubu zikilegea, hakuna tena mfupa wa kuzishika, na hapo hatatembea tena. Vidonge vitapunguzwa kidogo kidogo, haviachwi ghafla, na pampu itachukua mahali pake.

"Pampu," mama alisema.

"Pampu, shosho."

"Basi mnaniambia nikufe au nitambae."

"Nakuambia utembee," daktari alisema.

Kaka alitaka aende naye Nairobi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amenunua kitanda kipya, na mke wake alikuwa ameshaondoa vitu kwenye chumba cha watoto. Mama alimsikiliza kwa adabu aliyokuwa akiwapa wauzaji wa vitabu.

"Ghorofa ya tatu?"

"Tutakubeba, Mum. Mara moja tu."

"Mtanibeba kupanda. Halafu kushuka itakuwa na sanduku."

Kaka alitoka nje akakaa ndani ya gari lake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, na hakuna aliyejifanya hayajui. Mguu ukiunga, mama angebaki kwenye nyumba yake. Usipounga, angepanda ngazi zile mgongoni mwa watu na kuona Kitengela kwenye picha. Mimi niliomba uhamisho, nikapata shule ya Kitengela, nikahamia kwenye chumba changu cha usichana ambacho mama alikuwa akihifadhia magunia ya chakula cha ng'ombe. Jirani yetu alikamua asubuhi na jioni na hakutaka kushukuriwa.

Nilimjua mama kama mtu wa kusimama. Sasa nilimjua kama mtu wa kulala, na hawakuwa mtu mmoja. Aliyelala alikuwa na maneno makali. Aliniambia nafagia kama ninayetafuta sindano. Alijifunza pampu kwa shida, akivuta kabla ya kubonyeza au akibonyeza kabla ya kuvuta, na kila mgeni alipobisha hodi aliifukia chini ya mto. Uso wake ulianza kurudi ulivyokuwa zamani, mwembamba wenye mifupa ya mashavu, na mimi na daktari tulifurahi. Wanawake wa kanisa hawakufurahi. Walikuja wakamwona amekonda, wakatazamana, wakaimba nyimbo ambazo kwetu huimbiwa mtu anayeaga. Mama aliimba nao, sauti ya pili. Walipoondoka aliniuliza kama nadhani walipanga na tarehe.

Picha ya kwanza ilionyesha ufa. Ya pili ilionyesha ufa. Daktari alisema mfupa wa namna ile huunga kwa kusitasita, tusikate tamaa, asikanyage.

Kitanda cha mama kilikuwa chini ya dirisha linaloelekea zizini. Hakuna aliyepanga hivyo, ndipo kitanda kilipoingia. Kila jioni wakati wa kukamua ulipokaribia, ng'ombe walianza kulia, na jirani akichelewa kidogo walilia zaidi. Jioni moja niliingia na chai nikamkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda. Mkono mmoja ulikuwa umeshika ukuta. Mguu wa kulia ulikuwa sakafuni, na wa kushoto ulikuwa sakafuni, na kidole gumba kilikuwa kinatafuta ndara.

"Mama!"

Aliitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Sijapata kumwona ameogopa namna ile, hata siku ya zizini. Nilimlaza, nikauinua mguu kwa mikono miwili, na yeye ndiye aliyeniambia nitulie.

"Sikuwa nimeamua," alisema. "Niliwasikia tu."

Siku iliyofuata nilisogeza kitanda upande wa pili. Haikusaidia, ng'ombe hawasikiki kwa upande mmoja. Mwisho wa juma kaka alipokuja, mama alimwambia atafute mnunuzi. Kaka alidhani hakusikia vizuri. Miaka yote hiyo alikuwa akimwomba apunguze hata mmoja, na mama alikuwa akimjibu apunguze watoto wake kwanza.

"Wote?" kaka aliuliza.

"Wote. Wakiwa hapo, mimi nitaamka. Najijua."

Mnunuzi alitoka Kajiado. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa pia na duka mjini, wa jamaa za Kiislamu kutoka Kaskazini Mashariki, na nilimfahamu kwa sababu nilikuwa nikinunua sukari kwake nilipoishi kule. Alikuja na lori na vijana wawili. Kabla ya kugusa chochote alikuja mlangoni mwa chumba cha mama akasimama nje ya kizingiti.

"Mama, salamu. Pole na mguu. Hawa nitaangalia kama wangu."

"Watakuwa wako," mama alisema. "Huyo mweusi hapendi maji baridi."

Walipandishwa mmoja mmoja kwenye tuta la udongo lililokuwa karibu na lango. Ndama walipanda mbio. Mtamba alipanda akitazama nyuma. Alibaki ng'ombe mweusi, mkubwa wa zizi, mama wa karibu wote waliotangulia. Alifika mbele ya lori, akanusa mbao, akarudi nyuma. Vijana walimvuta kamba. Akapiga magoti, akalala chini. Walisukuma, wakapiga kelele, mmoja akamkunja mkia. Mfanyabiashara aliwakataza wasimpige fimbo. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na wote walikuwa wamelowa jasho, kaka akiwa miongoni mwao, suruali yake ya ofisini imejaa samadi.

Mimi nilikuwa chumbani na mama. Tulisikia yote. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi, na nilikuwa nimekaa upande wa mguu wake wa kushoto, karibu kuliko ilivyohitajika.

Kaka aliingia akasimama.

"Nini?" mama aliuliza.

"Mum, hiyo nyeusi imekataa kupanda. Imelala chini."

"Mnamkunja mkia?"

Kaka alipangusa samadi kwenye suruali.

"Mwache mkia. Fungua dirisha."

Kitanda hakikuwa tena chini ya dirisha, kwa hiyo kaka na mimi tulikivuta, mama akiwa juu yake, tukakirudisha mahali pake pa zamani. Alitoa pampu chini ya mto. Aliivuta mbele ya kaka bila kuificha, akangoja, akavuta tena, akapima pumzi kama anayejaribu sauti. Kisha akaita.

Sikuwa nimewahi kusikiliza ule mwito vizuri, kwa sababu nilikua nao. Ulikuwa mlio wa ulimi mara kadhaa, halafu sauti ndefu ya chini isiyo na neno, ile aliyotumia kumwambia ng'ombe kwamba ndoo iko hapa na hakuna haraka. Nje kelele zilikoma. Mfanyabiashara aliwaambia vijana wake kitu kwa lugha yao, wakasogea kando. Mama aliita tena. Tulisikia ng'ombe akiinuka, ule uzito unaoinuka kwa sehemu mbili, nyuma kwanza. Aliita, na kwato zikapanda tuta. Aliita, na kwato zikagonga mbao.

Mlango wa nyuma wa lori ulifungwa, komeo likaanguka mahali pake. Mama aliendelea kuita. Lori liliwashwa na yeye bado anaita, macho ameyafumba, mkono ameushikilia kwenye fremu ya dirisha. Mguu haukusogea. Kaka aligeuka akatazama ukuta.

"Mama," nilisema, "ameshapanda."

"Najua," alisema, na akaacha kuita.

Picha iliyofuata ilikuwa na ukungu mweupe pale palipokuwa na ufa. Iliyofuata hiyo, daktari aliigonga kwa kalamu akasema umeunga. Alimpa mama fremu ya kutembelea, na mama akajifunza kutembea nayo ndani ya nyumba, kisha ugani, kisha mpaka langoni kumsalimia jirani. Miwani ilikuja baada ya jicho moja kufanyiwa upasuaji. Kaka aliuza kile kitanda kipya. Mama alibaki kwenye nyumba yake kama alivyotaka, na hakuna mtu aliyezungumza tena juu ya ghorofa ya tatu.

Choo chetu kilikuwa nyuma, na njia fupi ya kwenda huko inapita mlangoni mwa zizi tupu. Ni njia tambarare, niliitengeneza mimi mwenyewe, nikaimwagia kokoto ili fremu isizame. Mama hakuitumia. Alizunguka nyumba yote, upande wa tangi, penye mteremko, polepole sana, akipumzika njiani kuvuta pampu, asubuhi na mchana na jioni, kwa mguu ambao daktari alisema uhurumiwe. Nilikuwa nikimwangalia kutoka jikoni. Sikumwambia apite njia fupi.